Meli iliyopita Soga kwa treni

Watu wa Soga na Ruvu kule Kibaha wameshaizoea treni ya umeme iliyoanza kuwapita kasi mwaka 2024. Ila reli ya Mjerumani, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905, iliwahi kupitisha kitu cha ajabu zaidi: meli!

Miaka hiyo Chicago, Marekani, tramu za umeme zilikuwa zinabeba hadi majeneza kwenda makaburini. Huku kwetu ilikuwa kiboko. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku kama 5,000. Ilipofika Dar ikapandishwa kwenye mabehewa, ikapita vilima vya Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, ikavuka Mto Ruvu. Yaani meli inavuka mto kwa daraja! Mbele kulikuwa na safari ndefu, maana Dar mpaka Kigoma ni kilomita 1,250 hivi.

Meli ilipewa jina la gavana, naye anakumbukwa mpaka kesho. Vibarua waliopakia na kupakua masanduku yale kwa mikono yao hawatajwi sana kwa jina.

Ikaingia majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, adui asiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 wakaibatiza upya: Liemba. Ndiyo hiyo hiyo, MV Liemba, ambayo watu wa Kigoma wameipanda babu hadi mjukuu.