Ng'ombe Mwenye Jina

Katika zizi la Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara, Tanzania, ng'ombe anayeitwa kwa jina huonekana kuwa kipenzi cha mfugaji, basi. Kipenzi ni kweli. Ila jina hilo lilibeba kazi nzito kuliko mapenzi: lilitunza habari za mnyama na za ukoo uliompata. Ng'ombe huitwa kwa rangi yake, kwa pembe zake, au kwa alikotoka, na hili la mwisho ndilo lenye historia. Kwa Wakurya, mahari ya binti iliingia nyumba ya mama yake, na kaka yake wa tumbo moja akaoa kwa ng'ombe hao. Kumtaja ng'ombe kulikuwa kumtaja dada aliyeolewa, pamoja na wakwe waliomtoa ng'ombe huyo. Ugonjwa wa sotoka ulipofyeka mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, mazizi yalijazwa upya pole pole, na asili ya mnyama aliyepatikana kwa shida namna hiyo haisahauliki. Tena hapa hata majina ya watu hutunza matukio. Mtemi Burito wa Butiama aliitwa Nyerere kwa sababu ya viwavi walioivamia nchi alipozaliwa. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha.

Wapo watakaosema kuwa jina la rangi ni alama ya kutofautisha tu, na kwamba ampendaye ng'ombe hamtoi mahari wala hamchinji. Waende wakati wa kukamua. Ng'ombe wa kienyeji, yule mwenye nundu, mara nyingi hashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Mkamuaji humwacha ndama avute kidogo, humfunga karibu na mguu wa mbele wa mama yake, kisha huchuchumaa na kibuyu akimwita ng'ombe kwa jina, taratibu, mpaka atulie. Alama haihitaji sauti ya namna hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliowahoji wafugaji 516, waliripoti kuwa ng'ombe wanaoitwa kwa majina walitoa maziwa zaidi, karibu lita 260 kwa mwaka. Jina peke yake halitoi maziwa, nakubali. Lakini anayemjua ng'ombe kwa jina huwahi kugundua akiugua. Na kuhusu mahari, binti wa watu haombwi kwa mnyama usiyemthamini. Uzito wa kumtoa ndio heshima yenyewe.

Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 imeleta usajili, na baadaye hereni zenye namba. Zinafaa dhidi ya wizi, na Mara inaujua vizuri wizi wa ng'ombe. Ila namba humtambulisha mnyama na mwenye mali tu, haitaji ng'ombe alipitia nyumba ya nani. Afisa mifugo akifungua daftari lake angeweza kuongeza safu moja ya jina, na mzee mwenye zizi angeijaza bila kufikiri mara mbili.