Kibaba cha Mfuto, Kibaba cha Tele

Diski ilifika Ras Kitau jioni, ndani ya mfuko wa nailoni. Ilitoka Nairobi kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti hadi Amu mjini, ikavuka tena mpaka huku Manda, ng'ambo ya Shela. Nilikuwa naunda kompyuta yangu kipande kwa kipande kwa sababu ya daftari za duka la babu. Chumvi na mchwa vimeshakula kurasa za mwanzo, nami nilitaka kuzipiga picha zilizobaki kabla hazijaisha.

Nikawasha. Juu ya diski pameandikwa terabaiti 1. Windows ikasoma gigabaiti 931. Nikampigia muuzaji papo hapo nikamwita mwizi. "Kaka, zote ziko hivyo," akasema. Nikakata simu.

Ila RAM ilinitatiza. Nilinunua gigabaiti 8 kwa mtu yuleyule, na mashine ikasoma 8 kamili. Mwizi gani huyu, anaiba huku anaacha kule?

Jibu lilikuwa darini, kwenye daftari zenyewe. Babu aliandika nafaka kwa vibaba na pishi, na kando ya hesabu moja aliongeza neno: mfuto. Nikamuuliza ami.

"Mwanangu, kibaba cha mfuto hupitishwa mkono juu, nafaka ikawa sawa na ukingo. Cha tele kina kichuguu. Vyote huitwa kibaba. Yule mteja alidhani ni cha tele, akagombana na babu yako, na dukani hakurudi tena."

Basi kompyuta nazo zina mfuto na tele. RAM ni vyumba vingi, na kila chumba hufikiwa kwa nyaya za anwani. Waya mmoja una hali mbili tu, umeme upo au haupo, kwa hiyo unatofautisha vyumba 2. Nyaya mbili, vyumba 4. Nyaya kumi, vyumba 1,024. Chipu ya Intel 1103, iliyotoka mwaka 1970, ilibeba biti 1,024. Mafundi wakaazima neno kilo, ambalo maana yake ni elfu, wakaona 24 za juu si kitu. Hicho ndicho kichuguu.

Tatizo ni kwamba kichuguu hukua. Kwenye kilo ni asilimia 2.4, kwenye giga kinapita 7, kwenye tera kinakaribia 10. Diski haibanwi na nyaya hizo, na wenye viwanda huihesabu kwa elfu, mfuto. Terabaiti yangu ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inazigawa kwa 1,073,741,824 na kupata 931. Hakuna baiti iliyopotea njiani Mokowe.

Huko Marekani wateja walikwenda mpaka mahakamani, na mwaka 2006 Western Digital ilikubali suluhu. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilikuwa imeshatoa majina mapya: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Yalikuwa majina ya haki kabisa, lakini dukani husikii mtu akiyataja. Apple ilihamia kwenye elfu mwaka 2009. Windows imebaki kupima kwa tele na kuandika jina la mfuto, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Nilitamani kudai kwamba wazee wetu walihesabu kama kompyuta. Kisaga ni vibaba 2, pishi ni visaga 2, mambo yanakwenda kwa kujirudufu vizuri tu. Halafu inakuja frasila, pishi 6, na dai langu linavunjika. Sawa.

Anayeunda mashine ya kwake aangalie na jambo hili: Windows ya zamani ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4 za tele. Ukiiwekea RAM ya 8, nusu yake italala bure. Jirani yangu mmoja alishapoteza pesa hivyo.

Asubuhi nilimpigia muuzaji kumwomba radhi. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama RAM imekaa sawasawa kwenye bodi. Nikamwambia imekaa. Daftari la pili nalianza leo, upepo ukitulia.