Nyuki wa Italia: Historia ya Mama wa Bajaji, na Namna ya Kufufua Mkweche Wako Nyumbani



Kila nikizunguka vijijini sikosi kuona bajaji ya mizigo ya zamani imepandishwa juu ya matofali chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye siti. Mwenyewe akiniona huuliza: "Bwana shamba, nimuuzie mtu wa chuma chakavu, au nitie hela ya mahindi niifufue?"

Swali hili ni zito. Hela ya mahindi ndiyo ada ya mtoto na mbolea ya msimu ujao. Leo nalijibu kwa kupitia historia ya chombo chenyewe. Mimi niliwahi kufufua mkweche bila kuijua historia hiyo, na nililipia.

Ilianzia kwenye kiwanda cha ndege

Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege katika mji wa Pontedera, Italia. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kiwanda kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu na soko la ndege za vita halikuwepo tena. Barabara zilikuwa mbovu, na watu wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gari. Mwenye kampuni, Enrico Piaggio, akaamua kutengeneza chombo cha bei nafuu cha kumtoa mtu hapa na kumfikisha pale.

Kazi hiyo alipewa mhandisi Corradino D'Ascanio. Huyu alikuwa mtu wa helikopta. Moja aliyoibuni iliruka mwaka 1930. Pikipiki hakuzipenda. Alisema zinachafua nguo, mnyororo wake ni usumbufu, na ukipata pancha njiani kutoa tairi ni shida. Kwa hiyo akaanza na shida za mtumiaji. Mnyororo akauondoa kwa kuiweka injini kando ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele akalishikilia upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege, ili tairi litoke upesi. Ndivyo ilivyozaliwa skuta ya Vespa mwaka 1946. Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu.

Miaka miwili baadaye, 1948, ikaingia sokoni ndugu yake ya miguu mitatu: mbele skuta, nyuma sanduku la mizigo. Ikaitwa Ape, yaani nyuki, maana hii ilikuwa ya kazi. Injini yake ilikuwa ya sisi 125 tu, na ilibeba kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Haikuwa na kabini. Dereva alipigwa na jua na mvua. Waokaji mikate, wauza mboga na wakulima wa zabibu waliipenda kwa sababu ilipita kwenye vichochoro ambako lori halipiti, na mwenyewe aliweza kuifungua na kuifunga.

Iliendelea kurekebishwa kidogo kidogo. Mwaka 1956 ilipata kabini ya kufungwa. Mwaka 1966 injini ilihamishwa kutoka karibu na dereva ikapelekwa nyuma, joto na kelele zikapungua. Ukiangalia bajaji ya leo, injini bado iko huko huko nyuma.

Ilivyofika kwetu

Kampuni ya Bajaj ya India ilianza mwaka 1945 kama wafanyabiashara wa kuagiza vyombo kutoka nje. Mwaka 1959 ilipata leseni ya serikali ya India ya kutengeneza skuta na vyombo vya miguu mitatu, ikifanya kazi kwa ushirikiano na Piaggio. Ushirikiano huo ulikwisha mwaka 1971, lakini ujuzi ulikuwa umeshabaki India. Ndiyo maana sisi leo tunasema "bajaji" hata kama chombo ni cha kampuni nyingine.

Nenda ukasome ubavuni mwa tairi la bajaji ya jirani. Utakuta pameandikwa 4.00-8. Hiyo 8 ni inchi za rimu, kipimo kile kile cha rimu ya Vespa ya 1946.

Kosa langu

Nilinunua bajaji ya mizigo ya zamani, ya injini ya mipigo miwili, ile mafundi wanaita tuu stroki. Nikaipiga msasa, nikaipaka rangi ya buluu, nikashona siti mpya. Injini ikawaka. Majirani wakanipongeza.

Siku ya gulio mdogo wangu akapakia viroba vya viazi. Kwenye mteremko akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini, chombo hakikusimama. Ili asiwagonge watu akakiingiza kwenye tuta la udongo kando ya barabara. Viazi vilimwagika, yeye akavunjika mkono. Fundi alipofungua akakuta vimpira vya masta silinda vimekauka na kupasuka kwa kukaa miaka bila kazi. Rangi yangu ilikuwa bado inang'aa.

Wale wa Pontedera walianza na shida ya mtumiaji. Mimi nilianza na macho ya majirani.

Utaratibu wa kufuata

Kumbuka hivi: chombo kikikaa, mpira hukauka, chuma huliwa na maji, na waya huliwa na panya. Kagua hayo matatu kwa mpangilio huu.

1. Karatasi kwanza. Hakikisha kadi ya usajili ipo na namba za chesisi na injini zinalingana nayo. Bila hivyo usitoe hata shilingi.

2. Piga picha kabla ya kufungua. Kila nati na waya upige picha, kisha weka vifaa kwenye makopo tofauti yaliyoandikwa majina. Usitupe kifaa cha zamani kabla cha kipya hakijakaa sawasawa, kwa sababu hicho ndicho sampuli yako dukani.

3. Sakafu na chesisi. Gongagonga kwa nyundo ndogo. Panapolia vizuri ni pazima. Panapobonyea pameliwa na kutu. Panapobeba mzigo usizibe kwa puti. Kata uchomelee bati jipya. Tangi la petroli liondoe kabisa na uliweke mbali kabla ya kuchomelea. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

4. Breki na usukani. Badilisha vimpira vyote vya masta silinda na vya magurudumuni, na mafuta ya breki yote. Ukifungua dramu, vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya breki vya zamani vingi vilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

5. Injini. Kwenye tuu stroki kuna sili mbili za krenki zinazokauka kwa kukaa. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mwingi. Ya upande wa sumaku ikivuja, hunyonya hewa, pistoni hupata joto kali na kukwama. Badilisha zote mbili hata kama injini inawaka. Pia usivue kava la feni ukidhani unaipa injini hewa. Kava ndilo linaloelekeza upepo kwenye silinda. Ukilitoa, injini inaungua.

6. Oili kwenye petroli. Tuu stroki hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Injini za Vespa za mwanzo zilitaka asilimia 5, yaani mililita 250 kwa lita 5 za petroli. Za baadaye zinatumia asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Fuata kipimo cha injini yako, usikadirie kwa jicho. Na kama yako ni ya mipigo minne, usichanganye kabisa. Hiyo ina oili yake chini.

7. Umeme. Vyombo vingi vya zamani ni vya volti 6. Ukiweka balbu ya volti 12 itawaka kama mshumaa, utadhani waya ndio mbovu. Soma kwanza.

8. Rangi iwe ya mwisho. Kabla ya rangi, jaribu chombo siku kadhaa bila mzigo, kisha nusu mzigo, uwanjani penye tambarare.

Jibu la swali lako

Kabla ya kuuza mahindi, kaa na fundi mmoja muandike orodha ya kila kinachohitajika, kisha uende nayo kwenye maduka ya spea ukaulize bei na kama vitu vipo. Jumlisha. Kama chesisi ni nzima na spea zinapatikana, fufua, hata kama injini imekwama. Kama chesisi imeoza na injini nayo imekufa, muuzie mtu wa chuma chakavu bila kujilaumu, ila vua kwanza rimu, taa na kabureta; jirani atavihitaji.

Na kama hela yako inatosha breki tu, tengeneza breki tu msimu huu. Injini itasubiri mavuno mengine. Mdogo wangu mkono umepona, na bajaji ile bado inapeleka viazi gulioni. Kila asubuhi kabla ya kupakia anakanyaga breki mara tatu, na mimi huwa nasimama kuangalia.