Ndege ya Kwanza Kuvuka Bahari Kutoka Calais Hadi Dover

Jumapili, 25 Julai 1909

Mchoro wa mawe ulio chini mbele yako unaonyesha umbo la ndege. Mahali hapa, nyuma ya Ngome ya Dover, ndipo alipotua Mfaransa Louis Blériot, mtu wa kwanza kuvuka mlangobahari huu kwa ndege yenye injini.

Siku sita kabla, mshindani wake Hubert Latham alijaribu, injini ikazimika, akaangukia majini. Aliokolewa akiwa mzima.

Blériot aliruka saa 10:41 alfajiri kutoka Les Baraques, karibu na Calais. Mguu wake ulikuwa umeungua, akitembea kwa magongo. Ndege yake, Blériot XI, ilikuwa ya mbao na kitambaa, na injini ya Anzani ya silinda 3 yenye nguvu za farasi 25 hivi. Hakuwa na dira. Manowari Escopette ilimsindikiza, lakini aliipita, na kwa dakika kama kumi hakuona meli wala nchi kavu.

Upepo ulimsukuma kando ya njia yake. Alipoona majabali meupe, aliyafuata hadi hapa, ambako mwandishi wa habari Mfaransa alikuwa akimpungia bendera. Ndege ilitua kwa kishindo. Rafadha na magurudumu vikavunjika. Safari ilichukua dakika 37 hivi.

Gazeti la Daily Mail lilimpa zawadi ya pauni 1,000. Ndege yenyewe imehifadhiwa Paris, katika Musée des Arts et Métiers.