Kadi ya Behewa Tupu

Wapo wapenzi wa reli za mfano nchini Marekani wanaoshikilia kwamba mabehewa yao ya mizigo yalizurura ovyo mpaka kompyuta ilipoyapangia safari. Aliyewahi kufungua jarida la Model Railroader la Desemba 1961 hawezi kuwakubalia.

Ya kabla ya hapo yanajulikana, tuyapite mbio. Al Kalmbach alianzisha jarida hilo Milwaukee mwaka 1934. Mwaka 1944 Frank Ellison, mtu wa jukwaani kabla ya kuwa mtu wa reli, aliwafundisha wasomaji kuitazama reli yake ya mfano ya Delta Lines kama tamthilia: treni ni waigizaji, ratiba ni hadithi. Ila ratiba huiambia treni saa ya kuondoka tu. Behewa mojamoja liachwe wapi, ratiba haijui.

Pengo hilo lilizibwa na Doug Smith katika toleo lile la 1961. Kila behewa alilipatia kadi yake, yenye jina la kampuni, namba na aina. Katika umbo lililozoeleka baadaye, kadi ina mfuko mdogo unaochomekwa hati ya mzigo inayotaja mpokeaji. Kila stesheni ina visanduku vya kadi: za mabehewa ya kuchukuliwa, ya kushushwa, ya kusubiri.

Uzuri wenyewe uko chini ya hati. Hapo, kwenye kadi yenyewe, pameandikwa mahali behewa linapotakiwa kurudi likiwa tupu. Mzigo ukishushwa, hati huchomolewa na maandishi yale hujitokeza. Utupu nao ukawa na anwani. Nani asiyejua reli halisi angelifikiria hilo? Kule Marekani behewa la kampuni moja likiwa juu ya reli za nyingine lililipiwa kila siku, na kanuni zilitaka lipakiwe mzigo wa kuelekea kwao. Behewa la mafuta, kwa kawaida, likipeleka shehena hurudi tupu: nusu ya maisha yake ni safari isiyo na mzigo.

Kuna waliopinga. Ed Ravenscroft aliweka vibao vya rangi juu ya mapaa ya mabehewa, ili macho yabaki kwenye treni. Sawa, lakini ni nani aliyeona behewa la kweli limevaa kibao kichwani? Lawama nzito zaidi ni kwamba hati yenye pande nne, inayogeuzwa kila kikao cha kuendesha treni, hulirudisha behewa lilelile kiwandani kulekule. Ni kweli. Dawa yake ni kubadilishana hati, na kufuata fikra ya Allen McClelland wa Dayton, Ohio: katika reli yake ya mfano ya Virginian & Ohio, njia zilizofichwa nyuma ya mandhari ziliwakilisha Marekani nzima, behewa likaondoka kweli.

Kompyuta? Huchapa orodha upesi, na programu ya JMRI hutolewa bure. Lakini mchezaji akiliacha behewa njia isiyo yake bila kutoa taarifa, kikao kijacho orodha italitafuta kiwandani ambako halikufika. Kadi iliyofuatana na behewa hulala palipolala behewa.