Reale ya Sham na Bei Inayotajwa

Mwezi uliopita kijana wa jirani alinijia na leso iliyofungwa fundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini humo?"

Akafungua. Ilikuwa reale ya Sham, imeiva weusi kwa kukaa sana: upande mmoja malkia mwenye mashavu, upande wa pili tai wa vichwa viwili. Muuzaji wa vitu vya kale alikuwa anataka shilingi 400,000, na alimwachia kwa siku moja tu, simu ya kijana ikiwa rehani. Hoja ya muuzaji ilikuwa fupi: imeandikwa 1780.

Mwaka huo umewaponza wengi. Malkia huyo, Maria Theresa wa Austria, alifariki 1780 kweli, lakini sarafu yake haikuzikwa naye. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Bahari ya Sham walikwisha kuizoea sura ile, hawakutaka nyingine, basi Vienna wakaendelea kuipiga ileile na mwaka wake uleule. Mwaka 1935 Mussolini wa Italia alijipatia ruhusa ya kuipiga Rome, akijiandaa kuivamia Uhabeshi. London ikafuata, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Bombay. Zote 1780. Kwa hiyo ile iliyokuwa kwenye leso ingeweza kuwa na umri wa babu wa babu yangu, ama kuwa rika la mama yangu, na maandishi yasiseme lolote.

Bibi yangu mzaa mama hakujua herufi hata moja ya Kizungu, ila alijua kuhesabu lulu. Begani kwa malkia pana pambo la mviringo, na lulu zake ni tisa. Bibi alizipapasa moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Kisha aligeuza sarafu ubavu, akapitisha kidole ukingoni, maana pale pana maneno ya Kilatini na mapambo yaliyochomoza. Sarafu ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huja na ukingo mtupu, au mshono mwembamba unaokwaruza kidole. Mwisho aliidondosha juu ya kizingiti cha jiwe na kuinamisha kichwa. Fedha njema hulia kwa muda, sauti ikapungua polepole. Ya bandia hutoa kishindo ikanyamaza. Na kwa sonara hakuna ubishi mbele ya mizani: reale ni gramu 28 na punje, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha safi. Yaani gramu 23 na ushei.

Wazee wetu hawakuhitaji gramu, kwa sababu reale yenyewe ilikuwa ndiyo jiwe la mizani. Wakia moja Unguja ilikuwa uzito wa reale moja, na wakia 16 ni ratili. Rupia ya Bara Hindi nayo ilikuwa na uzito wa tola moja kamili. Neno letu la pesa, fedha, ni jina la madini haya haya. Katika karne ya 19 mtu wa Unguja alishika mkononi reale ya Sham, reale ya mzinga ya Wahispania (zile nguzo mbili zilizochorwa watu waliziona mizinga), reale ya Kifaransa na rupia, na kila moja alilazimika kuipima kabla ya kuipokea. Hakuna aliyeuliza mwaka. Nyingine ziliishia kwa sonara, zikayeyushwa zikawa furungu na bangili.

Ipo moja ambayo bei yake haishikwi na mizani: reale ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, iliyopigwa Ubelgiji mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Haina picha ya mtu, ni maandishi ya Kiarabu tu. Ni adimu, na kwa uadimu huo waigaji wanaipenda. Nimeonyeshwa mbili maishani mwangu, na moja niliijua uongo kabla haijagusa mizani, kwa wepesi wake kiganjani. Shilingi za Afrika Mashariki za Mfalme George ndizo zinazonihuzunisha, maana watu wanazifungia sandukuni kama fedha tupu, kumbe tangu 1921 fedha ilikuwa robo tu, na za kuanzia 1948 hazina hata chembe.

Nikairudia ile ya kijana. Lulu tisa zilikuwepo, mbili zimelika. Mlio ulikuwa mzuri. Lakini juu ya kichwa cha malkia palikuwa na kovu la lehemu: iliwahi kutiwa kijipete, ikavaliwa shingoni. Mkusanyaji wa sarafu hupunguza bei akiona kovu hilo, na kwa biashara ana haki. Mimi kovu hilo nilipenda kulitazama.

"Ni ya kweli," nikamwambia, "lakini thamani yake ni fedha iliyomo na kidogo juu yake. Bei ya fedha hiyo haifiki bei uliyotajiwa. Usimlipe kwa ajili ya huo mwaka 1780."

Jioni alirudi nayo, kaipata kwa shilingi 150,000. Mama yake aliigeuza mara mbili, akaweka kidole pale penye kovu, akaniuliza kama sonara anaweza kuirudishia pete.