Meza Mbili katika Chumba cha Nzi

Kijana aliyejiandikisha Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, mwaka 1908 hakukuta shahada ya jenetiki. Somo lenyewe lilikuwa bado changa mno. Kazi ya Gregor Mendel juu ya njegere ilifufuliwa mwaka 1900, baada ya kulala kwenye makabati ya vitabu kwa zaidi ya miaka 30. Jina la taaluma lilipendekezwa na Mwingereza William Bateson mwaka 1905, na neno jeni lilikuwa halijatungwa. Wilhelm Johannsen wa Denmark alilitoa mwaka 1909. Cambridge ilipata profesa wake wa kwanza wa jenetiki, Reginald Punnett, mwaka 1912. Aliyetaka kujua kwa nini mtoto hufanana na babu kuliko baba alisoma zoolojia, botania au kilimo, akaokota majibu humo.

Kwa upande wa Columbia, historia ya kulisoma somo hili katika shahada ya kwanza inaanza na vijana wawili waliopewa meza za kufanyia kazi kabla hawajahitimu.

Wa kwanza ni Alfred Sturtevant. Alizaliwa Illinois mwaka 1891, akakulia katika shamba la familia Alabama, na tangu utotoni alikuwa akiandika nasaba za farasi wa baba yake: nani kazaliwa na nani, wa rangi gani. Alipofika New York aliishi na kaka yake Edgar, mwanaisimu aliyekuwa akifundisha huko. Kijana akasoma kitabu cha Punnett kuhusu kanuni za Mendel na mara akaona kwamba rangi za farasi wa nyumbani zinafuata kanuni hizo. Akaandika maelezo yake, na kwa kuhimizwa na kaka yake akampelekea Thomas Hunt Morgan, profesa wa zoolojia. Morgan angeweza kuyaweka pembeni kama kazi ya mtoto. Badala yake alimtaka ayachapishe, na makala yakatoka mwaka 1910 katika jarida la kisayansi, mwandishi akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Wa pili ni Calvin Bridges, yatima kutoka kaskazini ya jimbo la New York, aliyehitaji kibarua ili asome. Alipewa kazi ya kuosha chupa za maabara. Siku moja, inavyosimuliwa na waliomfahamu, alikuwa akishika chupa ya kioo kizito akamwona ndani yake nzi mwenye macho mekundu yaliyokoza kuliko ya wenzake. Wengine walihitaji lenzi ili kuona tofauti za namna hiyo. Hakuachwa aendelee kuosha chupa.

Wote wawili walikutana na Morgan katika darasa la utangulizi wa zoolojia, mwaka wa masomo wa 1909 hadi 1910. Sturtevant aliandika baadaye kwamba katika miaka yote 24 ambayo Morgan alikaa Columbia, huo ndio mwaka pekee aliotoa mihadhara ya mwanzo kwa wanafunzi wa ngazi hiyo. Mwaka uliofuata wakapewa meza katika maabara yake. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Profesa mwenye jina, aliyezoea kufanya kazi na watafiti wazima, alifundisha wanaoanza kwa mwaka mmoja tu, na darasa hilo moja likamzalia watu wawili waliojenga msingi wa taaluma nzima.

Chumba chenyewe kilikuwa nambari 613 katika jengo la Schermerhorn. Kilikuwa na futi 16 kwa 23, yaani kama mita 5 kwa 7, na ndani yake zilibanwa meza nane. Nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi, walifugwa ndani ya chupa za maziwa. Kwenye pembe moja ulining'inia mkungu wa ndizi ili nzi waliotoroka wakimbilie huko. Harufu ya matunda yaliyochacha haikutoka, na mende hawakukosekana. Morgan alihesabu nzi wake kwa lenzi ya mkononi. Bridges ndiye aliyeleta hadubini ya macho mawili, na ndizi zikaacha kuwa chakula cha mifugo pale ulipotengenezwa uji maalumu wa unga wa mahindi, molasi na agari. Ili wahesabike, nzi walilazwa kwa etha, wakapangwa kwa brashi ndogo, kisha wakaandikwa kwa jinsia, macho na mabawa.

Kwa nini nzi? Kwa sababu ya muda na gharama. Jozi moja huzaa mamia, na kizazi kipya hupatikana kwa takriban siku 10 hadi 12. Mfugaji wa ng'ombe angehitaji uhai wake wote kuona vizazi ambavyo mwanafunzi wa Columbia aliviona kati ya kufungua na kufunga muhula.

Mwaka 1910 alitokea dume mmoja mwenye macho meupe. Morgan alimpandisha kwa majike wenye macho mekundu, na watoto 1,237 wakawa na macho mekundu. Alipowaacha hao wazaliane, walipatikana majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu na madume 782 wenye macho meupe. Katika uzao huo hakukuwa na jike hata mmoja mwenye macho meupe. Wanafunzi wa baiolojia wa sekondari za Kenya na Tanzania wanalijua fumbo hili, maana nzi wa Morgan yumo vitabuni mwao: jeni ya macho imebebwa na kromosomu X, na dume ana X moja tu.

Hapa inafaa kumtaja Nettie Stevens, ambaye katika masimulizi ya Chumba cha Nzi hurukwa mara nyingi. Mwaka 1905, miaka mitano kabla ya dume wa macho meupe, Stevens alionyesha kwa kuchunguza mende wa unga kwamba madume wana kromosomu moja ndogo ambayo majike hawana, na kwamba jinsia inafuata kromosomu hizo. Alikuwa amesoma Bryn Mawr, chuo cha wanawake alikofundisha Morgan kabla ya kuhamia Columbia mwaka 1904. Bila kazi yake, na ile ya Edmund Wilson aliyefikia hitimisho kama hilo mwaka uleule, hesabu za nzi zingebaki hesabu tu. Stevens alifariki mwaka 1912.

Tukio lililoipa nguvu hadithi ya wanafunzi hawa lilikuja mwishoni mwa mwaka 1911. Kufikia hapo walikuwa wamepata tabia kadhaa zinazobebwa na kromosomu X: mwili wa manjano, macho meupe, macho mekundu yaliyokoza, mabawa madogo, mabawa yaliyodumaa. Waliona kwamba baadhi ya tabia hurithiwa pamoja karibu kila mara, na nyingine huachana kwa urahisi. Morgan alishakisia kwamba kromosomu mbili zinazoshikana hubadilishana vipande. Siku hiyo yeye na Sturtevant walikuwa wakizungumza kuhusu rangi za sungura, na kijana akashikwa na wazo. Fikiri kamba yenye mafundo, inayokatwa popote bila kuchagua. Mafundo mawili yaliyo karibu yatabaki upande mmoja mara nyingi, na yaliyo mbali yatatenganishwa mara nyingi. Basi ukihesabu ni mara ngapi tabia mbili zimetengana, umepima umbali kati yake, hata kama hujawahi kuiona jeni kwa macho.

Sturtevant alichukua takwimu akaenda nazo nyumbani. Kwa maelezo yake mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya usiku ule kuzipanga, kazi zake za darasani zikilala bila kuguswa. Kulipokucha, kijana wa miaka kama 20 alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni duniani. Mwili wa manjano aliuweka kwenye sifuri, macho meupe 1.0, macho mekundu yaliyokoza 30.7, mabawa madogo 33.7 na mabawa yaliyodumaa 57.6. Ilichapishwa mwaka 1913. Vipimo vya leo vinatofautiana kidogo na vyake, lakini mpangilio ni uleule. Kipimo chenyewe, ambacho mwanafunzi wa jenetiki hukitumia popote alipo, baadaye kiliitwa sentimogani, kwa heshima ya mwalimu.

Ni vigumu kuwaza ugunduzi kama huo ukitoka kwa mwanafunzi aliyewekwa nyuma ya ukumbi anukuu tu. Sturtevant alikuwa na takwimu za kweli mkononi, alikuwa na haki ya kuzibeba kwenda nazo nyumbani, na alikuwa na profesa ambaye angeweza kubishana naye asubuhi. Wengi waliopita katika chumba kile walikumbuka kelele zake: matokeo yalitangazwa papo hapo, wazo likarushwa kutoka meza hii hadi ile, na aliyekosea akaambiwa hadharani. Hicho ndicho chuo walichosoma, pembeni ya kile kilichowapa shahada.

Uhuru huo ulikuwa na upande mwingine. Mahali ambapo mawazo yanarushwa hewani, mwenye wazo hapotei kwa hila ya mtu; hupotea kwa mazoea. Hermann Muller, aliyepata shahada yake ya kwanza Columbia mwaka 1910 akajiunga na kundi baadaye, aliamini maisha yake yote kwamba mengi aliyoyasema chumbani humo yaliandikwa kwa majina ya wengine. Jina lake lilikuwemo pamoja na ya Morgan, Sturtevant na Bridges kwenye kitabu chao cha mwaka 1915, kilicholifanya somo hili lifundishike kwa mpangilio, lakini kinyongo hakikuisha. Na Lilian Morgan, mke wa profesa na mwanabaiolojia aliyesomea kazi yake, alirudi maabara baada ya kulea watoto wanne bila cheo wala mshahara. Mwaka 1922 alichapisha ugunduzi wake wa nzi majike ambao kromosomu zao mbili za X zimeungana, ushahidi mzito wa nadharia ambayo mume wake alipata sifa kwayo.

Wanawake waliokuwa wakisoma shahada ya kwanza walipata nafasi yao zaidi kwingineko. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, kaskazini ya jimbo lilelile la New York, mambo yaliendeshwa na mahindi. Barbara McClintock aliingia Chuo cha Kilimo hapo mwaka 1919, mama yake akihofia kwamba binti msomi hataolewa. Mwaka 1921 alijiandikisha katika kozi pekee ya jenetiki iliyokuwa wazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, iliyofundishwa na C. B. Hutchison. Darasa lilikuwa dogo, na wengi humo walitazamia kilimo kama kazi. Kozi ilipokwisha, Hutchison alimpigia simu, akamwalika kwenye kozi ya wanafunzi wa ngazi ya juu, ingawa alikuwa hajahitimu. McClintock alisema akiwa mzee kwamba simu hiyo ndiyo iliyoamua maisha yake.

Mahindi ni mwalimu mgumu kuliko nzi. Hutoa zao moja kwa mwaka, na lazima kila shada lifunikwe kwa mfuko ili chavua ya jirani isiharibu hesabu. Lakini yana kromosomu kubwa, na McClintock, aliyepata shahada ya uzamivu katika botania mwaka 1927, alijifunza kuzitambua zote kumi chini ya hadubini. Mwaka 1929 alifika Cornell mwanafunzi mwingine, Harriet Creighton, na McClintock akamwingiza katika kazi moja maalumu. Ramani ya Sturtevant ilikuwa imesimama kwa miaka 18 juu ya hesabu. Hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa macho kwamba kromosomu hubadilishana vipande kweli pale tabia zinapoachana. Mahindi yao yalikuwa na kromosomu ya tisa yenye alama mbili zinazoonekana, nundu upande mmoja na kipande cha ziada upande wa pili. Wangeweza kuifuatilia punje ya rangi hadi kwenye kromosomu iliyoibeba.

Mwaka 1931 Morgan alifika Cornell kutoa mihadhara. Alipoelezwa habari hizo alisisitiza waandike makala mara moja, bila kungoja mavuno mengine. Yakatoka Agosti mwaka huo, wiki chache kabla ya Curt Stern, Mjerumani, kuchapisha ushahidi wa aina hiyohiyo kutoka kwa nzi. Creighton alisimulia baadaye kwamba Morgan alikuwa na habari za kazi ya Stern, na aliona ni wakati wa mahindi kutangulia.

Morgan alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933, akiwa ameshahamia California na watu wake wa chumba namba 613. Fedha aligawa kwa watoto wake, watoto wa Bridges na watoto wa Sturtevant. Muller alipata yake mwaka 1946 kwa kuonyesha kwamba eksirei hubadilisha jeni, akiwa Chuo Kikuu cha Indiana, alikofundisha hadi alipostaafu. McClintock alingoja hadi mwaka 1983, akiwa na miaka 81, akaipokea peke yake, kwa jeni zinazohama mahali katika mahindi.

Leo jenetiki ni shahada kamili katika vyuo vingi, na mtaala wake umejaa usomaji wa DNA na kompyuta. Hata hivyo muhula wa kwanza au wa pili hupita kwenye njia ileile: mwanafunzi hupewa tabia tatu za nzi na idadi ya watoto wa kila aina, na hutakiwa aseme jeni zimepangwaje na zimeachana kwa umbali gani. Ukoo wa macho meupe uliotokana na dume wa 1910 bado unafugwa Bloomington, Indiana, katika ghala kubwa la nzi linalotuma mirija yao kwa maabara zinazohitaji, za utafiti na za kufundishia.